Maisha ya Zenaide, Mdarizi wa Taulo wa Ibitinga

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, na ninyi kinamama wa sindano mliofunika mashine zenu asubuhi ya leo mkaja, mimi ni Ivone, mdogo wake marehemu, na familia imeniteua nisome haya kwa sababu, kama alivyosema mpwa wangu Marlise, katika ukoo huu mimi ndiye nisiye na aibu. Kabla sijaanza niwatake radhi kwa ile taulo nyeupe mliyoikuta juu ya jeneza, ile yenye jina la dada yangu kwa uzi wa dhahabu, iliyoletwa na karakana ya akina Trevizan pamoja na shada. Nimeiondoa kwa mikono yangu mwenyewe, kwa kuwa herufi zake ni nyembamba kama miguu ya mbu, vitanzi vya taulo vimechomoza katikati ya kila herufi, na ile Z imezama hadi inaonekana kama mkwaruzo wa paka, na dada yangu hakuishi miaka sabini na mmoja ili afunikwe na uchafu wa namna hiyo.

Marehemu Zenaide Perpétua Scabello alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, kwenye shamba la kahawa upande wa Cambaratiba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Belarmino Ferraz na mama Otília, wote wawili wachuma kahawa. Alianza shule ya msingi palepale shambani mwaka 1961, akasoma mpaka darasa la nne, akamaliza Desemba 1964, mwalimu akashauri aendelee, baba akajibu kuwa msimu wa mavuno haumsubiri mtu, na huo ukawa mwisho wa shule. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kinyaa, hakunywa kwenye kikombe chenye ufa, hakulalia shuka lenye mshono uliopinda, na mama alikuwa akimtania kwamba malaika alikosea mlango, alitakiwa kumpeleka kwa tajiri.

Januari 1967 mwenye shamba aling'oa mikahawa yake, familia ikahamia hapa mjini Ibitinga, mama akapata cherehani kuukuu la kukanyaga kwa miguu, na juu ya cherehani hilo Zenaide akajifunza kudarizi kama walivyodarizi wote siku hizo, unaling'oa guu la mashine, kile kibano kinachokandamiza kitambaa, unabana kitambaa kwenye fremu, kisha unakisukuma kwa vidole chini ya sindano kana kwamba unaandika barua. Tarehe 3 Machi 1969, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, aliajiriwa na Bwana Valdomiro Trevizan, na kufikia mwaka 1974 hakukuwa na shuka la bibi harusi lililotoka kwenye karakana ile bila mkono wake.

Tarehe 22 Mei 1976 alifunga ndoa katika parokia yetu na Osmir Scabello, fundi mashine wa karakana hiyohiyo, kijana mwenye mluzi mzuri na kucha nyeusi za grisi, mimi ndiye niliyemshikia dada mkia wa shela. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marlise, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1978, na Rubens, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1980.

Mwaka 1982 wateja walianza kutaka majina yao kwenye taulo, na hapo ndipo maisha ya dada yangu yalipopata kazi yake hasa, kwani taulo si shuka. Shuka limetulia, unaliandika likaandikika, lakini taulo ina vitanzi maelfu vinavyosimama kama nywele za mbwa aliyeogopa, unashona herufi leo ikapendeza, ukiifua mara moja vitanzi vinachomoza juu ya uzi na jina la mtu linaota ndevu. Ukiibana taulo kwenye fremu inabaki na duara la vitanzi vilivyolala ambalo halitoki. Karakana nzima ilizoea kuuza hivyohivyo. Zenaide angezoea wapi, yeye alikuwa akirudi nyumbani hali chakula.

Alijaribu kuweka gazeti juu ya taulo kabla ya kushona, wino ukachafua. Alijaribu mifuko ya mikate, vipande vya plastiki vikabaki vimenaswa chini ya uzi, vikawa vinakwaruza shavu. Ndipo Novemba 1983, akiwa jikoni anakoroga wanga wa muhogo, akaona ule utando mkavu uliobaki ukingoni mwa sufuria, akaubandua, akautazama kwenye mwanga, akaulamba ukayeyuka. Kwa wiki saba alipika wanga na kuumwaga juu ya vioo vya dirisha tulivyoving'oa nyumbani kwangu, mume wangu akabaki na dirisha la kadibodi mpaka Januari. Wanga mtupu ulikauka ukavunjika kama biskuti, mpaka alipotia matone ya gliserini, ukatoka utando mwembamba, laini, unaokunjika. Akautandaza juu ya taulo, sindano ikapita, vitanzi vikatulia chini, na kazi ilipokwisha akaufuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu ukapotea wote.

Na hakuishia hapo, kinamama mnajua, lakini vijana wasikie. Chini ya kila herufi alitanguliza mishono myepesi ya kwenda na kurudi, kwa uzi wa rangi ileile ya taulo, ikalaza vitanzi kitandani kwanza, ndipo herufi ikapanda juu. Herufi zenyewe alizinenepesha. Kwenye fremu alibana kitambaa kingine, taulo akaishikiza juu yake kwa mishono mirefu ya muda, isiumie. Na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, aliijaza uzi wa rangi ya taulo, kwa sababu, alikuwa akisema, mtu akitoka kuoga hajifuti kwa upande mmoja.

Mpango ulikuwa Januari 1985 tuondoke kwa Valdomiro, yeye na mimi niliyekuwa nikidarizi hukohuko, tufungue chumba chetu cha kudarizi taulo. Tulijua sisi wawili, na wa tatu alikuwa mumewe, kwa sababu analala naye.

Sasa nafika mahali ambapo asubuhi hii Rubens aliniomba niruke, akisema baba yake ni mzee, ana miaka sabini na minne, ameketi mstari wa mbele, na msiba si mahakama. Nitawaeleza baadaye kwa nini siruki.

Julai 1984, kwenye maonyesho ya darizi ya mji wetu, Zenaide alikwenda na Marlise amemshika mkono, wakakuta watu wamejaa mbele ya jukwaa la karakana, na juu ya jukwaa Valdomiro Trevizan, tumbo mbele, ameinua utando wa muhogo kwa vidole viwili, anaeleza kwenye kipaza sauti kwamba hiyo ni siri ya babu yake, aliyeivusha bahari kutoka Italia. Italia, ndugu zangu, ambako muhogo hauoti. Watu walipiga makofi. Osmir alikuwa nyuma yake, amevaa shati jeupe, anatia mafuta mashine ya maonyesho, na mwanzo wa Agosti akatangazwa msimamizi wa karakana.

Jioni ya siku ya maonyesho nilikuwepo jikoni kwao, nasema niliyoyasikia mwenyewe. Dada alimuuliza, bila kupaza sauti, "Osmir, ule utando ulimpa wewe?"

Akasema, "Nilimwonyesha tu. Zenaide, wewe ungeufanyia nini peke yako?"

"Ningeufanyia kazi."

"Sasa si tutakula sote? Nimeahidiwa cheo, mke wangu."

Dada yangu alitoka uani akatapika. Aliporudi alikung'uta mikono, akahamishia kitanda cha mumewe kwenye chumba cha mashine, na tangu siku ile mpaka alipozidiwa na ugonjwa, miaka thelathini na tisa, alimpikia, alimfulia, alikwenda naye misani, na hakumtamka jina tena, alimwita "huyo". Huyo chakula chake kiko mezani. Mwambieni huyo mvua inakuja. Nilimwambia amfukuze, akanijibu kuwa akimfukuza, watu watamhurumia.

Aliendelea kufanya kazi kwa Valdomiro kwa sababu watoto walikuwa wadogo. Lakini kinyaa hakina mwisho kikishapata mlango. Utando wa wanga huchukua siku nzima kukauka, Valdomiro akaona anachelewa, akaagiza wachanganye gundi ya mbao, ikakauka kwa saa mbili, ikanuka kama kwato zilizochomwa, na ikagoma kutoka hata kwa maji ya moto. Machi 1987 taulo za namna hiyo zilipelekwa kwenye wodi ya wazazi ya mji mwingine, vichanga wakafutwa kwazo, ngozi zao zikaota vipele vyekundu shingoni na makwapani, na mzigo wote ukarudishwa. Valdomiro aliwakusanya wanawake uani, akasema kosa ni mikono yao michafu.

Zenaide alichukua taulo moja kwenye mzigo ule, akamwendea mbele ya wote, akasema, "Bwana Valdomiro, jifute uso."

Hakujifuta. Dada akasubiri, karakana nzima ikasubiri, yule mtu akageuza kichwa kama mtoto anayekataa dawa. Dada akaiweka taulo miguuni pake, akachukua mkasi wake na mto wa kiti chake, akatoka, na mimi nyuma yake. Osmir alisimama mlangoni pa ofisi na funguo mkononi. Valdomiro amekufa, Mungu anamjua kuliko mimi, na kwa hilo nashukuru, kwa maana mimi ninayoyajua yanatosha.

Jumamosi iliyofuata, kwenye ukumbi wa parokia, Zenaide alianza kufundisha wanga, gliserini, kioo, mishono ya chini, bobini, yote, kwa yeyote aliyefika, bure. Nilimkasirikia, nilimwambia anagawa mali yetu barabarani. Alisema kitu kikishashikwa na wezi dawa yake ni kukigawa mpaka kisiwe na mwenyewe, hapo mwizi anabaki ameshika hewa. Alifundisha miaka kumi na moja. Wengi wenu humu mmepitia ukumbi ule, na kufikia mwaka 1990 hakuna mtoto wa mji huu aliyekuwa bado anaamini habari za babu na Italia.

Zilipokuja mashine za kompyuta, na ule utando wa dukani unaoyeyuka majini ukaanza kuuzwa kwa marobota, wengine walidhani atanuna. Alikata kipande, akakilamba, akasema kizuri kuliko changu, akaacha kupika wanga siku hiyohiyo. Kilichomtia kichefuchefu mpaka mwisho ni watu wenye mashine za sindano kumi na tano wanaoshona herufi nyembamba juu ya taulo nene, haraka, bila mishono ya chini, kisha wanamlaumu mfuaji.

Machi 2021 alianza kukohoa kikohozi kikavu, madaktari wakakuta mapafu yamekakamaa, wakauliza amevuta vumbi la pamba miaka mingapi, akasema hamsini na miwili. Julai 2023 hakuweza tena kuoga mwenyewe. Siku ya kwanza nilikuwa nimeinama naandaa maji, Osmir akaingia na beseni, akapiga magoti, akaanza kumwosha miguu. Nilitaka kumtoa. Dada alinizuia kwa mkono. Kwa miezi kumi na minne yule mzee alimwosha kila asubuhi, akamfuta, akamgeuza, na siku moja nilimsikia akimwuliza kama amemsamehe. Dada akasema, "Maji yamepoa, Osmir." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia akilitaja jina hilo tangu mwaka 1984. Sitasema hapa kwamba alimsamehe, sikusikia hivyo, lakini na jina nililisikia.

Alifariki jana, Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa nne na nusu asubuhi, nyumbani, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Rubens aliponiomba niruke, nilikwenda kwa shemeji yangu na karatasi hizi, nikamwambia achague mwenyewe. Alizisoma zote, polepole, kwa kidole. Kisha akasema, "Soma, Ivone. Miaka arobaini nangoja mtu aseme, mimi mwenyewe sikuwa na kifua." Basi nimesoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kumdanganya, majirani mliotuletea kahawa na supu bila kuitwa, Padri kwa kufika mapema, na wanawake wote wa sindano, mliokuwa wanafunzi wake na mlio dada zetu sasa. Shemeji Osmir, kwa miezi kumi na minne ya beseni, asante, nasema mbele ya watu. Kwa Julai ile bado unanitia kinyaa, na hilo nalisema mbele ya watu pia.

Tutaelekea makaburini saa kumi.

Zenaide, dada yangu, lala, upumzike kwa amani ambayo sisi uliotuacha bado hatujaipata.