Kipaza, Sauti ya Ukumbi wa Mabati

Mzee wetu tunayemsindikiza leo, ambaye mji mzima ulimwita Kipaza, alizaliwa tarehe 11 Mei 1956 katika nyumba ya vyumba viwili mkabala na kizuizi cha mpakani, pale lami ilipoishia na vumbi la nchi nyingine likaanzia. Baba yake alikuwa mlinzi wa kizuizi hicho, na mama yake alikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza alikuwa kaka yake, aliyerefuka mpaka wakamwita Ngazi, na Kipaza alimfuata kila mahali kama mkia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo mpakani, kuanzia mwaka 1963 hadi 1970. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Mwalimu wake alipenda kusimulia kwamba siku moja alimwita asome kwa sauti, naye akasoma hadithi tamu iliyolifanya darasa zima lisahau kengele. Mwalimu akaitafuta kwenye kitabu chake, asiione. Kipaza alikuwa ameshika kitabu cha hesabu.

Mwaka 1974 aliajiriwa kukata tiketi katika ukumbi wa sinema, jengo la mabati lenye mabenchi na ukuta uliopakwa chokaa. Filamu zilikuja kwa lori kutoka mbali, za vita na za watu waliohamia nyika kavu kutafuta maisha, nazo zilisema lugha ambazo ukumbini hakuna aliyezijua. Alasiri moja watazamaji walipoanza kunung'unika, Kipaza alichukua kipaza sauti cha matangazo akaanza kutafsiri. Naye pia lugha hizo hakuzijua. Alisoma nyuso, na palipopungua akajazia. Jua lilipenya kwenye matundu ya mabati likawaangukia watu vichwani kama unga, na sauti yake ilikuja taratibu kutoka pande zote, hata waliosinzia wakaendelea kuiota filamu ile ile. Tangu siku hiyo hakukata tiketi tena.

Neno kufa hakulitamka ukumbini, kwa kuwa mabenchi ya mbele yalijaa watoto. Mtu akipigwa risasi, alisema, "Huyu ametoka," yaani ametoka kwenye picha. Mji ukalichukua neno hilo likawa lake. Ndiyo maana muuguzi mgeni alipowaambia watu waliomfuata bibi yao hospitali kwamba ametoka asubuhi, waliangua kilio mpaka barabarani, wakakutana na bibi mwenyewe na kikapu chake, akiuliza nani amefiwa.

Vita vilifika mpakani mwaka 1983. Ngazi alivishwa sare, akavuka mto na kikosi chake. Vita viliisha, yeye hakurudi, wala hakuna ofisi iliyosema neno. Mama yao aliendelea kumtandikia kitanda. Kila wiki alizifua shuka ambazo hakuna aliyezilalia, akazianika, akazirudisha. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache, na Kipaza ndiye hakuthubutu kabisa.

Mwaka 1987 walikuja watu wa filamu za makala, waliokuwa wamekusanya picha zilizopigwa vitani, wakampa Kipaza maandishi ayasome siku ya onyesho la kwanza. Picha zenyewe hakuziona kabla. Ukumbi ulijaa, na mama yake alikaa benchi la mbele. Mto ukatokea ukutani, mpana na wa kijivu, na wanaume wakiuvuka polepole kama watu wanaotembea usingizini. Katikati yao alikuwamo mmoja mrefu kuliko wote, viatu vimening'inia shingoni.

"Ngazi huyo," mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Maandishi mkononi mwa Kipaza yalisema kwamba kikosi kile chote kiliuawa ng'ambo. Akasema, "Wote walitoka."

Mama aligeuka kumtazama. "Walitoka wakaokoka, au walitoka kwa maneno yako?"

Mashine ilinguruma. Mto uliendelea kupita ukutani bila sauti ya mtu.

"Walikufa, mama."

"Basi sema hivyo, mwanangu. Nimechoka kufua shuka zake."

Kesho yake mama aliomboleza, na baadaye kile kitanda akampa jirani. Kipaza hakulia. Akiulizwa kwao wamezaliwa wangapi, alijibu, "Tuko wawili," na aliendelea kujibu hivyo miaka na miaka.

Mhariri wa filamu ile, mwanamke aliyekata na kuunganisha picha za watu asiowajua, alikuja kumwomba Kipaza radhi. Akarudi tena kuomba radhi. Mara ya tatu mama alimuuliza kama hana kazi nyingine. Kipaza na mhariri huyo walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989, wakajaliwa binti na mwana. Nyumbani mke alikata maneno, mume akayaongeza, na mambo yakaenda. Siku moja mkewe alimuuliza mbona bado anamhesabu kaka yake, ilhali alitamka mwenyewe mbele ya ukumbi mzima. Akamjibu kwamba pale alisema kwa niaba ya filamu. Yeye kama yeye hajasema kitu.

Mwaka 2020 mapafu yalianza kumsumbua. Pumzi ikapungua, sentensi zikawa fupi, na kwa mtu wa maneno kama yeye huo ulikuwa ugonjwa wa pili. Baada ya kulazwa mara kadhaa aliomba kurudi nyumbani, kitanda chake kikawekwa karibu na dirisha. Mchana alifumba macho akawasimulia waliokuwapo filamu zilizokuwa zikimpitia, nyika, farasi, mito, na hawakujua ipi aliitazama na ipi aliiishi.

Mwezi Julai mwaka 2022 alimwita binti yake, anayewasomea maneno haya, wauandike wasifu huu pamoja, maana alitaka kuhakikisha hakuna atakayejazia. Walianza kwa vicheko. Walipofika kwa ndugu, binti aliandika kama alivyozoea kusikia, kwamba wako wawili. Baba akamshika mkono.

"Futa. Andika tulikuwa wawili. Ngazi alikufa vitani." Akatafuta pumzi. "Hayo ni yangu mimi."

Kisha akalia, machozi ambayo nyumba ile haikuwahi kuyaona, na binti yake akaendelea kuandika.

Alifariki Jumatano tarehe 3 Agosti 2022, alasiri, mkewe akiwa pembeni yake. Ameacha mjane, binti, mwana na wajukuu watatu. Ametanguliwa na baba yake, mama yake, na kaka yake Ngazi, ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kutajwa miongoni mwa waliotangulia. Ngazi hakupata kaburi, wala mtu wa kumsomea wasifu. Kaburi mnaloliona ni moja, ila familia inaomba mjue kwamba leo inazika wawili.

Wapumzike kwa amani.