Posho Niliyouza kwa Ajili ya Nyumba ya Ubelgiji

Baba zangu, mama zangu, ndugu wote wa jumuiya, nawasalimu kwa upendo wa Bwana. Padri aliniomba nieleze namna Mungu alivyotusaidia kupata nyumba. Nitaeleza. Lakini sikusimama kwa sababu ya nyumba. Katika mtaa huu kuna mama ambaye watu wanasema, akiwapa mgongo, kwamba alipenda franga, pesa, kupita mutoto wake. Munamjua. Ni bibi yangu, mke wangu wa ndoa. Yuko pale amekaa karibu na mlango, na hajui ninachotaka kusema. Mama, usitoke. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Miaka ile nilikuwa kontremetri, msimamizi wa mafundi, katika karakana ya Kampani ya migodi hapa Panda. Wako hapa watu waliotumika chini yangu, wanajua nilivyokuwa: kiburi tele, viatu vya kung'aa, salamu za kuhesabu. Kampani ikanituma Ubelgiji miezi tisa kujifunza mashine mpya. Kulikuwa na injinia mmoja Mzungu, tulitumika naye hapa Panda, na wakati ule alikuwa kwao kwa likizo. Jumapili moja akanipeleka mji wa kando ya bahari. Huko walikuwa wanauza nyumba za ndani ya ghorofa ambazo bado hazijajengwa. Ndiyo, munacheka, mucheke tu! Unaonyeshwa karatasi, unaambiwa hapa ni jikoni, hapa ni dirisha la kutazama bahari, unatia sahihi, halafu unalipa kidogo kidogo kadiri ghorofa zinavyopanda. Nikatia sahihi. Nilijiona sasa nimekuwa muntu.

Niliporudi nikabandika ile karatasi ya ramani ukutani. Majirani walikuwa wanakuja kuitazama, mimi nawaonyesha kwa kidole kila chumba. Bibi yangu aliitazama siku nyingi. Kisha akaniuliza:

"Bwana, siku Kampani itatufukuza mu hii nyumba yake, batoto watalala wapi?"

"Bulaya," nikamjibu.

"Bulaya wapi? Tununue parcelle, kiwanja chetu, hapa hapa ku Likasi, tujenge ata vyumba mbili. Minye siwezi kulala mu karatasi."

Nilimcheka mbele ya wageni. Nikamwambia yeye mtoto wa wavuvi wa ziwa Tshangalele anajua nini mambo ya ghorofa. Akaenda kuwaletea wageni chai. Mpaka leo nikikumbuka ile chai naona haya.

Sasa sikieni kosa langu, na ni kosa letu sisi watu wa Kampani. Tumezaliwa katika nyumba ya Kampani, tumesoma shule ya Kampani, tunazikwa katika sanduku la Kampani. Deni la baiskeli, deni la redio, yote wanakata kabla hujaugusa mshahara. Kwa hiyo kwetu deni si kitu cha kulipa, ni kitu cha kukatwa. Unafikiri ninadanganya? Nilikwenda kwa karani wa mishahara kumwomba akate na lile la Ubelgiji. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Citoyen," akasema, "tunakataka deni ya baiskeli. Deni ya bahari, hapana!"

Yule injinia alikuwa amesharudi kazini, akanihurumia. Nikawa nampa zaire, pesa yetu ya wakati ule, hapa, yeye analipa kule kwa pesa zake. Tukaenda hivyo vizuri, mwaka na zaidi. Halafu vita ikapiga mji wa Kolwezi, Wazungu wengi wakafunga masanduku, na yeye akaondoka na familia yake. Simlaumu, huko kwao zaire zangu hazikumfaa kitu. Lakini deni likabaki mikononi mwangu, mikono ambayo haikuwahi kulipa kitu. Nikaenda benki. Benki wakasema pesa ya nje inataka ruhusa, ngoja. Nikangoja. Barua zikaanza kufika. Ya kwanza iliniita "Bwana mpendwa". Ya tatu haikunipenda tena. Iliandika faini, na faini juu ya faini, na kwamba nisipolipa, ile nyumba watampa mtu mwingine.

Ndugu zangu, hapo ningeweza kuacha. Ningeweza kumwambia bibi yangu: mama, nimeshindwa. Nilikuwa naogopa majirani walioiona ile ramani. Nikaanza kununua pesa ya Wazungu barabarani kwa bei ya wizi, na mshahara haukutosha, maana zaire ilikuwa inashuka kila mwezi. Ndipo nikaigusa posho.

Mumesahau posho? Unga, samaki, mafuta, maharagwe ya kila mwezi, na mama ndiye anakwenda na karata ya posho kupokea. Nikamnyang'anya bibi yangu ile karata. Nikamwambia Kampani imetupunguzia sisi makontremetri, na sasa ni wanaume wenyewe wanaopokea. Nikasimama katika mstari, mwanaume mzima na viatu vya kung'aa katikati ya wanawake. Wakaniuliza, "Papa, mama anagonjwa?" Nikasema ndiyo, anagonjwa. Nikitoka pale, zaidi ya nusu nauza kwa wachuuzi nyuma ya ukuta, kinachobaki napeleka nyumbani. Batoto yangu wanne wakawa wanakula mara moja kwa siku. Nilikuwa nakula nao, nawaambia, "Hii Kampani, wee, itatuua!" Na mama yao anaitikia.

Yeye hakulia njaa, akatafuta njia. Akaanza kupanda lori kwenda kwao Tshangalele, kununua samaki wakavu, kuja kuwauza sokoni. Alikuwa na mimba. Mwezi wa saba wa mimba nilimuona asubuhi anafunga kikwembe juu ya tumbo, anachukua kitunga chake. Nilijua kwa nini anakwenda. Mimi peke yangu katika mtaa mzima nilijua. Nikamwambia, "Usikawie."

Wakati wa kurudi lori likafia njiani. Wenzake waliamua kutembea, naye akatembea, kitunga kichwani, kwa sababu samaki wale walikuwa ndio chakula cha wiki. Uchungu ukamkuta katikati ya pori. Wanawake wakatandika vikwembe vyao kando ya barabara. Mtoto alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi. Hakulia.

Siku ya pili nikamkuta hospitali. Jirani yetu mmoja alikuwa amemletea uji, anaongea tu ili kumchangamsha, bila ubaya wowote. Akamwambia, "Mama, utapona. Bwana yako anakupenda. Tunamuonaka mu mulongo wa posho kila mwezi, anapokea yote, anabeba mwenyewe."

"Yote?" bibi yangu akauliza.

"Yote, kama zamani. Posho haijabadilika ata kidogo."

Jirani alipokwenda, bibi yangu akanitazama. Hakupiga kelele. Akasema, "Minye nilikuwa nalaani Kampani. Kumbe njo weye mwenyewe." Halafu akageukia ukuta. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda mpaka wauguzi wakanifukuza.

Sasa munisikilize vizuri. Kwenye kilio dada zangu wa tumbo moja walisimama wakasema huyu mwanamke ameua mtoto kwa tamaa ya biashara. Walisema mbele ya watu, na wengine wenu mulikuwapo. Mimi nilikuwa nimekaa na wanaume. Nikainamisha kichwa. Yeye alikuwa na neno moja tu la kujiokoa, angesema, "Muulizeni bwana yangu posho ilikwenda wapi." Hakulisema. Alinisitiri, mimi niliyemwacha achafuliwe. Kuanzia siku ile wakamsema hivyo, na nikanyamaza miaka saba.

Mwezi na zaidi ukapita. Asubuhi moja akaweka kalamu mezani, akabandua ramani ukutani, akaigeuza upande mweupe. "Andika," akasema. "Waambie batu wa Bulaya tumetoka." Nikaandika. Nililia juu ya ile barua kuliko nilivyolia kaburini, Mungu anisamehe. Wakakata faini zao. Kilichobaki cha pesa tulizolipa kikafika baada ya muda mrefu, kikatosha kiwanja na mabati.

Kiwanja alichagua yeye. Kilikuwa na kichuguu kikubwa katikati, kirefu kuliko nyumba, kila mnunuzi alikikimbia. Watu wakatucheka. Yeye akazunguka mara moja, akachota udongo, akaufinya. "Hii njo matofali yetu," akasema. Tulikula kile kichuguu kwa majembe mwaka mzima, kila nikitoka kazini. Namshukuru mzee aliyetufundisha kupanga tanuru la kuchoma. Nawashukuru mama wa jumuiya mliotuchotea maji ya udongo, na vijana mliopandisha mabati bila kuomba hata bia. Mlitusaidia bila kujua munasaidia mtu wa namna gani. Leo munajua.

Watu wanaomba fundisho. La kwangu ni dogo: aibu unayomficha bibi yako, yeye ndiye atakayeibeba. Nyumba hata ikipotea inajengwa nyingine. Mtoto wetu yuko pale makaburini, hana hata jina, kwa sababu sikuwa na uso wa kumpa.

Juma lililopita binti yetu mkubwa alirudi kutoka bombani analia. Wamemwambia mama yake aliua mtoto kwa sababu ya samaki. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia nitamjibu Jumapili.

Mwanangu, si kweli. Mama yako alikwenda kutafuta chakula mlichoibiwa, na mwizi ni mimi baba yako. Dada zangu munaokaa upande ule, yule mliyepaswa kumtukana kwenye kilio alikuwa amekaa na wanaume. Mama, sikuombi unisamehe hapa mbele ya watu, maana mbele ya watu hutakuwa na nafasi ya kukataa. Nilitaka tu wajue.

Ninakaa chini sasa. Musinipigie makofi. Mwenye kutaka kufanya jambo, aende pale mlangoni amsalimie.