Mzee Kwao-Wapi na Mnyama Asiyejulikana Kwao

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu wa maonyesho atarudisha ufunguo wa karakana baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika jumba hili la makumbusho. Aliingia akiwa kijana wa kupaka rangi kuta. Anatoka akiwa mkuu wa Chumba cha Viumbe, kile chumba cha majoka, majitu na nguva ambacho watoto wa shule hukikimbilia kabla hata hawajaonyeshwa choo kilipo. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa usafi niandike wasifu wake, kwa kuwa kistoo changu cha mafagio kinatazamana na mlango wake. Shule sikwenda mbali, kwa hiyo nitaandika nilichokiona na nilichosimuliwa na yeye mwenyewe.

Jina lake halisi hapa kazini wachache wanalikumbuka. Sote tunamwita Mzee Kwao-Wapi, hata mkurugenzi, hata mkewe akipiga simu getini kuuliza kama mume wake amekula. Kwa kawaida anakuwa hajala. Chakula cha mchana kwake ni jambo la jioni, na gundi ikishaanza kukauka hasikii la mtu.

Jina hilo lilianza na kosa. Alipokuwa bado mgeni kazini alipewa joka la Uchina alitengeneze, maana lilikuwa limeliwa na mchwa upande mzima. Akalichongea meno mapya, akalipaka magamba, na kwa kuwa umeme alikuwa ameanza kuujua, akalifungia taa nyekundu kooni ili lionekane linatema moto. Wageni walipiga makofi. Wiki haikuisha akaja mpishi mmoja wa Kichina kutembea siku yake ya mapumziko, akasimama mbele ya joka akatikisa kichwa. Kwa upole akaeleza kwamba joka la kwao halitemi moto. La kwao ni la mito na mawingu, na wakulima walikuwa wakiliomba mvua. Linalotema moto na kulalia hazina ni la Ulaya, ndiko mashujaa walikokuwa wakilifuata na mikuki. "Mwenye maji umempa kazi ya kuchoma mashamba," alimwambia. Maneno hayo Mzee ameyasimulia kila alipopata msikilizaji mpya, na anacheka yeye wa kwanza. Taa ilitolewa siku hiyohiyo. Tundu la waya bado lipo, ukiinama utaliona.

Tangu hapo akajiwekea utaratibu, na utaratibu ukawa sheria ya chumba: hakuna kiumbe anayepanda jukwaani kabla hajaulizwa kwao. Aliwachunguza kama wazee wanavyomchunguza kijana aliyeleta posa. Kwao wapi? Amelelewa na nani? Anakula nini? Ana ugomvi na nani? Halafu lile swali ambalo kwake ndilo kubwa: waliomzua walikuwa wameona nini, au walikuwa wanaogopa nini? Na majibu hakuyataka ya kitabuni peke yake. Alimtaka mtu wa huko, mwenye kukisikia kisa hicho kwa mama yake au bibi yake, aje asimame mbele ya kiumbe aseme, huyu ndiye, au huyu siye.

Jitu la jicho moja la Wagiriki wa kale, kwa mfano, halikusimama peke yake. Aliazima fuvu la tembo kutoka idara ya wanyama akaliweka kando, ili wageni watazame lile tundu kubwa la katikati ya uso, ambalo ni la mkonga. Wapo wataalamu wanaodhani kuwa watu wa zamani walikuta mafuvu ya namna hiyo mapangoni, na tembo mwenyewe hawajapata kumwona, wakasema basi hili ni jicho. Wapo wengine wanaopinga. Mzee aliandika yote mawili kwenye kibao, akasema hakuna ukoo usio na wajomba wanaobishana.

Kwa nguva aliweka picha ya mnyama mwenyewe wa baharini, na maelezo kuhusu mabaharia waliokaa miezi bila kuwaona wake zao. Maelezo hayo mkurugenzi aliyapunguza, kwa sababu na watoto wanasoma.

Kwa yule kiumbe wa mabwawani wa wenyeji wa asili wa Australia, anayeitwa bunyip, nilimpa Mzee mawazo yangu. Kiumbe wa majini wa kukamata watoto yuko karibu kila mahali penye maji ya kina, jina tu ndilo linalobadilika. Nilimwambia huyo kazuliwa na mama mwenye nguo za kufua na chungu jikoni, asiyeweza kukaa ukingoni mchana kutwa kuchunga watoto, akaona heri aajiri mlinzi. Alicheka mpaka akashika meza. Lakini hakuandika. Alingoja wageni wa huko akawauliza, nao wakamjibu kuwa ni kweli wazee wao huwakanya watoto kwa jina hilo, ila kwao si kichekesho, ni jambo la heshima. Akaandika hivyo walivyosema, na kicheko kikabaki karakana.

Chumba alikikuta kina viumbe watano na vumbi la kutosha. Leo mtu akitaka kukimaliza kwa utulivu lazima aje na kiti. Zawadi ya mfanyakazi bora aliipata zaidi ya mara moja, na vyeti vyote viko nyuma ya kabati la rangi, kwa sababu ukutani, anasema, vinakula nafasi. Ngazi yake ya mbao, ile yenye mguu mmoja mfupi, ilitutoa roho miaka yote. Nashukuru Mungu anastaafu akiwa na mifupa yake yote.

Sasa, sheria yake mwenyewe ndiyo iliyokuja kumkaba mwaka huu.

Ghala la chini linageuzwa darasa. Mkurugenzi akatoa agizo, tena la haki: kila kitakachopandishwa juu kiwe kinajulikana kwao, kama sheria ya chumba inavyosema, na kisichojulikana kitolewe jumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Vitu vyote vilipata pa kwenda isipokuwa kimoja, kinyago cha mbao cha ukubwa wa paka. Kilikutwa zamani ndani ya sanduku lisilo na maandishi. Kina mkonga na pembe za tembo, makucha kama ya chui milia, na mkia wa ng'ombe. Mlinzi wa getini alikibatiza Tembo wa Kosa. Kwa maoni yake, mchongaji alianza na tembo, akasikia njaa, akamalizia na chochote.

Mzee alikuwa amemuulizia mnyama huyo kwa miaka. Kwanza alimdhania wa India. Akaja daktari mmoja wa huko, akamgeuza juu chini, akasema wanaye simba mwenye uso wa tembo, lakini huyu si wao. Mkata tiketi akampiga picha kwa simu akamtafuta mtandaoni, simu ikajibu kuwa ni pambo la bustani. Tukasema basi yaishe, ni mbao tu. Mzee akatuonyesha paji la uso wa yule mnyama. Mwili mzima una alama za patasi, lakini paji limelainika na kung'aa, kama kizingiti cha nyumba ya watu wengi. "Huyu ameshikwashikwa na mikono ya watu," alisema. "Kosa halishikwi hivyo."

Wiki zikawa zinakwenda. Kumtoa jumbani maana yake ilikuwa gari la taka, kila mtu alijua, na Mzee alijua zaidi. Akakonda kidogo. Mkewe alipiga simu mara mbili kwa siku. Mlinzi, kwa huruma yake ya mdomo mkali, akampa njia: "Andika Uchina, Mzee. Nchi kubwa ile, hawezi kukosa ndugu." Wengine tukamuunga mkono, maana nani angekwenda kuhakikisha? Mzee akakataa. Alisema Wachina alishawakosea mara moja, hawezi kuwabambikia mtoto. Na mkurugenzi alipomwambia, kwa nia njema, kwamba anaweza kuilegeza sheria kwa mnyama huyu mmoja, kama zawadi ya kustaafu, akakataa hilo pia. Sheria ikilegezwa kwa anayependwa, alisema, keshokutwa italegezwa kwa mwenye haraka, na taa nyekundu zitarudi kooni.

Alichofanya ni kumtoa ghalani na kumweka dirishani kwa mkata tiketi, uso kwa foleni. Mtoto aliyepotea sokoni huwekwa mahali pa wazi ili mama yake amwone, naye alifanya vivyo hivyo. Kila mgeni aliyenyoosha mkono kupokea tiketi alikutana na mkonga. Wengine walicheka, wengine waliuliza kama anauzwa. Mzee alikuwa na sababu ya kupita pale kila mara, na nyundo mkononi, bila msumari wowote wa kupiga.

Jumanne ya wiki iliyopita akatoka chumbani mama mmoja wa Kijapani, amembeba binti yake aliyekuwa akilia kwa kuliogopa lile jitu la jicho moja. Walipoingia alikuwa na simu sikioni hakuona kitu. Alipofika dirishani akasimama ghafla. Akamchukua yule mnyama kwa mkono mmoja bila kuomba ruhusa, akamsogeza kwa mtoto, akaita jina mara tatu taratibu: baku, baku, baku. Mtoto akanyamaza, akamsugua paji la uso.

Mlinzi alikimbia karakana, na si kawaida yake kukimbia. Mzee akaja na miwani mkononi. Yule mama lugha yetu alikuwa na kidogo, lakini alieleza mpaka sote tukaelewa, maana alilaza kichwa kwenye kiganja, akashtuka, akaliona jambo baya hewani, kisha akamfanya mnyama alitafune. Baku anakula ndoto mbaya. Mtoto akiamka na hofu anamwita mara tatu aje aile ndoto, halafu analala tena. Mama yake alimfundisha hivyo, naye huyo alifundishwa na mama yake.

Mtu mwingine angeishia hapo akashangilia. Mzee alivaa miwani akauliza kama baku mwenyewe alizaliwa hukohuko Japani. Yule mama akafikiri, akasema bibi yake alikuwa akisema amevuka bahari, katoka Uchina. Kesho yake asubuhi Mzee alikuwa kwenye benchi la hospitali ya jirani akimngoja daktari wa Kichina amalize wagonjwa. Daktari akathibitisha. Kwao jina ni jingine, mo, na zamani watu waliweka picha yake kuzuia maradhi na mabaya. Kula ndoto alikujifunza Japani. Kwa hiyo kibao kinasomeka hivi: "Alizaliwa Uchina, akalelewa Japani. Kote kuwili walimwita walipoogopa." Mlinzi tangu siku hiyo hatupumzishi. Anasema yeye alishajua ni Uchina, na kwamba jumba hili linapoteza hela kumweka yeye getini.

Mkurugenzi alitia saini palepale, akauliza mnyama akae wapi. Wote tulidhani atapewa jukwaa la katikati, la heshima. Mzee akachagua ukuta wa mlango wa kutokea, chini, usawa wa mkono wa mtoto, bila kioo. Maana jambo ambalo wageni hawalijui ni simu tunazopokea kutoka kwa wazazi: mtoto wangu alikuja huko mchana, usiku halali, mmemfanyia nini? Mkurugenzi alikuwa ameshanunua pazia la kulifunika jitu. Mzee alisema jitu liachwe wazi, kwa kuwa hofu ndiyo iliyowazaa karibu viumbe wote wa chumba kile, na mtoto ana haki ya kuijua. Ila asitoke nayo. Pazia limepelekwa kwenye darasa jipya, kuna jua kali upande ule.

Jana walikuja watoto wa chekechea. Walipiga kelele kwa jitu, wawili wakamwaga machozi. Mlangoni kila mmoja alimshika baku paji la uso, akaita mara tatu, na mmoja akarudi nyuma ya foleni akaita tena, eti kwa ajili ya mdogo wake aliyebaki nyumbani. Mzee alikuwa amesimama kando na nyundo yake. Baadaye alikwenda kula, saa sita kamili, na hilo tumeliona kwa mara ya kwanza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru Mzee kwa kazi yake, na tunamshukuru mkewe kwa kutukopesha mume miaka yote hii. Simu zako, mama, tutazikosa. Mzee wetu, huko uendako uamke jua likiwa juu, uvae kitu kizito kukiwa na baridi, na kifua kikikusumbua usingoje. Sisi tuko salama, viumbe wako wote wana makwao. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, na ziwe nzuri.