Dada Yetu Kufuli na Mlango Uliobaki Wazi

Marehemu dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Kufuli, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kitinda mimba wa fundi saa na mkunga. Jina hilo alilipata utotoni: baba akishafunga mlango, yeye lazima aende kuusukuma tena. "We mtoto, huniamini?" baba alifoka. "Nakuamini, baba. Mlango ndio siuamini."

Alisoma karibu na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1998 akaajiriwa na mamlaka ya maji kulinda mitambo ya kompyuta. Mwaka 2003 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole kupita kiasi, wakajaliwa binti mmoja.

Hapa familia imeomba isemwe bila kuremba. Mwaka 2016 Kufuli aligundua kwamba mhasibu wao, waliyekwisha kumzika, bado anaingia kwenye mfumo, anafungua ramani za mabomba, anatoka kimya kimya. Haharibu kitu, haibi kitu. Kumbe walikuwa wapelelezi wa mtandaoni, miaka na miaka wakitumia jina la marehemu, maana wenzake waliona haya kumfuta. Rambirambi walichanga, akaunti yake ya kompyuta wakaiacha wazi.

"Bosi, marehemu yuko kazini," alimwambia mkuu wake. Ofisi nzima ikacheka. Alipothibitisha, aliomba jambo moja tu: wasiguse kitu, wawafuatilie taratibu mpaka wajue wanapitia wapi kwingine. Lo! Mkuu akaifunga akaunti papo hapo, akaita na waandishi wa habari. Wapelelezi wakashtuka, wakahamia mlango mwingine. Kufuli aliutafuta mlango huo hadi figo zikamlaza kitandani, na kila akiuliza anajibiwa, "Dada, hilo si lilishakwisha?" Lilimuuma, na sisi linatuuma mpaka leo.

Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni mwaka huu. Alimwagiza binti yake: "Nikifa, waambie wafunge akaunti yangu kabla ya kunizika." Binti amepiga simu ofisini, kajibiwa, "Mwanangu, kumfuta mtu hata hajazikwa ni kukosa adabu." Leo asubuhi mwenzake wa kazini ametueleza kwamba jana, mwili ukiwa mochwari, Kufuli alionekana kwenye mfumo, akifungua ramani za mabomba.

Ameacha mume, binti, kaka wawili, na akaunti moja. Mkuu wake tunamwona safu ya mbele, na shada lake tumelipokea.

Apumzike kwa amani. Na huko ofisini nako, jamani, mwacheni apumzike.