Watoto Watano kwa Mkeka Mmoja
Na Damaris Kahindi, mwalimu wa Gredi ya Sita

Sauti iliyonikaa ni ya mchanga mkavu ukikwaruzwa ndani ya sinia ya bati. Mwaka wangu wa kwanza katika Shule ya Msingi ya Kisimachumvi niliisikia kila siku baada ya uji, kutoka upande wa pili wa ukuta wa darasa langu, na sikujua ni nini. Wiki ya pili niliwapa wanafunzi wangu zoezi, nikaenda kuchungulia. Watoto watano walikuwa wamekaa mkekani, kila mmoja na sinia yake, wakiandika herufi kwa kidole. Mwalimu Kaltuma Abdulkadir alikuwa ameketi nyuma yao, si mbele.

Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 2025, Bi Kaltuma anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kuwafundisha watoto wadogo kusoma na kuandika. Tangu habari hiyo itangazwe, shuleni kumekuwa na swali moja: akiondoka, mkeka utabaki au utakunjwa?

Yeye ni mzaliwa wa Mambrui. Mwaka 1990 alipangiwa shule moja ya vilimani, upande wa Kaloleni. Kiswahili chake cha mjini kiliwachekesha watoto wa huko, na Kigiriama chake kikawachekesha zaidi. Anasema walikubaliana wachekane mpaka waelewane. Darasa lilikuwa na watoto sabini na wawili, na wote walisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti moja, bila kosa. Siku moja, kwa bahati mbaya, alikiinua kitabu mbele yao kichwa chini. Wakaendelea kusoma, bila kosa.

Mwingine angejifanya hakuona. Yeye alitaka kujua ni nani hasa anayesoma. Aliwaita watano watano, akakuta wanaosoma ni sita. Tangu siku hiyo hakufundisha kusoma kwa zaidi ya watoto watano kwa wakati mmoja. Waliobaki aliwapa kuchora, kupanga kokoto, au kusimuliana hadithi kwa lugha waliyokuja nayo.

Kwetu alihamia mwaka 1999. Daftari lake lina majina mia sita na kumi na mawili ya watoto waliosomea mkekani, na walimu wamekuja kutoka Rabai na Mariakani kumtazama akifanya kazi. Hata hivyo, wageni hao yeye huwasimulia kwanza kosa lake mwenyewe. Wakati mmoja aliyapa makundi majina ya samaki: Nguru kwa wanaosoma vizuri, Changu kwa wa kati, Dagaa kwa wanaoanza. Alidhani watoto hawatang'amua. Watoto wa pwani hawakuhitaji hata asubuhi moja.

Baada ya wiki tatu akaja mama wa Kadii, mtoto wa kundi la Dagaa. "Mwalimu, huyu samaki hali tena," alisema. "Ati yeye mwenyewe ni dagaa. Sasa nimpikie nini mimi, nguru?"

Bi Kaltuma alimjibu, "Kosa ni langu, mama Kadii. Mwache aje kesho."

Kesho yake aliyavunja makundi, akawachanganya wanaojua na wanaoanza, akawaachia wachague majina wenyewe. Kundi moja likajiita Mahamri, jingine Tingatinga, na la Kadii likajiita Mwalimu Mkuu. Muhula mzima ikawa inasemwa barazani kwamba Mwalimu Mkuu bado hajamaliza irabu. Kabla ya kufunga shule, Kadii aliandika sentensi yake ya kwanza: "Mimi ni Kadii na leo nimekula samaki." Karatasi hiyo imo ndani ya pochi ya Bi Kaltuma hadi leo.

Kwa miaka minne nimejaribu kuelewa anachofanya. Niliwahi kuhesabu moyoni: akishamwonyesha mtoto neno, husubiri hata hesabu ya arobaini bila kutamka lolote. Mimi nikifika kumi huwa nimeshalitaja. Siku moja nilipokuwa nimekaa kando yake, mtoto aitwaye Pola alikwama, nami nikafungua mdomo. Bi Kaltuma alinigusa goti. "Mwache, Damaris. Yuwaja."

Pola akalisoma. Nilimuuliza Bi Kaltuma amejuaje, ilhali alikuwa akimwona kisogo tu. Akacheka. "Mabega, mwanangu. Anayekisia huyapandisha, anayesoma huyashusha." Nimeyatazama mabega mengi tangu hapo. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine sioni kitu, na hapo ndipo hamu ya kujua inaponizidi.

Katika kikao cha Septemba, Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Dena, alisema wazi kwamba sekondari msingi inakihitaji chumba kile. "Chumba bila mwalimu ni stoo," alisema. "Apatikane mtu kabla ya kufunga, au niweke madawati." Hakuna aliyeinua mkono. Mimi nilikuwa nimeshaahidiwa Kiswahili cha Gredi ya Nane mwakani, kazi niliyoisomea, nikatazama meza. Bi Kaltuma hakumwomba yeyote. Alichukua mkoba wake, akasema kuna watoto wanamngoja.

Bi Kaltuma, kwa niaba ya walimu, wazazi na watoto wote uliowangoja, tunakushukuru. Mola akupe afya, akupe na asubuhi ndefu zisizo na kengele, na wajukuu wasiokuacha ukachoka kukaa.

Kuhusu chumba: wiki mbili zilizopita nilimwandikia Mwalimu Dena kwamba Kiswahili cha Gredi ya Nane apewe mwingine. Amekubali, na ufunguo ninao. Jumatatu hii Bi Kaltuma aliniachia mkeka, nikaanza na watoto watano. Mmoja ameshaniuliza mwalimu mwenyewe anarudi lini.