Mtani wa Mkuu Anatuaga

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bi Vasiti Naulumatua anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya meli hapa Walu Bay, Fiji. Alianza kwa kukwangua kutu, akapanda hadi kuwa mkaguzi, na njia nzima hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Waliojaribu tunawajua.

Mkuu wetu, Bwana Eroni, ni mtoto wa chifu, nasi tumelelewa kuinamisha vichwa mbele ya watu wa namna hiyo. Akikosea, tunaangalia viatu vyetu. Bi Vasiti peke yake alikuwa na ruhusa ya kumwambia, kwa sababu kijiji chake na cha Mkuu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi.

Mnaikumbuka ile feri? Mkuu aliamuru ishushwe majini na vali ya chini, ile inayozuia maji yasiingie, bado haijarudishwa. Karakana nzima ilijua. Kila mmoja akajiambia kwamba Mkuu lazima anajua, na winchi ikaanza kulegezwa. Ndipo sauti ikatoka chumba cha chai: "Eroni, kwenu ndivyo mnavyozamisha mitumbwi? Vali yako hii hapa, nimezuilia mlango!"

Mkuu alicheka hadi akakaa chini, feri ikasimamishwa, nasi tukacheka. Bi Vasiti hakucheka. Alituuliza, yeye akishaondoka, nani atatuzuia tusizame.

Tangu siku hiyo hatukupata raha. Alitufundisha kusema mapema, na kulisema kosa bila kumsema mtu. Mkuu naye alifundishwa kujibu vinaka, yaani asante, kwanza, ubishi baada ya chai. Kisha dawa ikamgeukia Bi Vasiti mwenyewe. Shalini Prasad, mchomeleaji wetu asiyependa maneno, alimwita kando akamwambia kwamba anawakaripia watu mbele ya wenye meli. Bi Vasiti alinuna siku nzima. Kesho yake akaja na mizizi ya yaqona, kinywaji ambacho kwetu ndicho cha kuombea radhi, akaketi sakafuni mbele ya wote, akaomba radhi. Siku hizi hakaripii mtu mpaka afunge mlango kwanza, ingawa tunasikia vilevile.

Hata hivyo tuliogopa kubaki bila yeye. Jumanne iliyopita tulishusha meli yake ya mwisho, na mnyororo mmoja haukukaa sawa kwenye reli. Sote tukamgeukia Bi Vasiti. Yeye akatugeuzia mgongo, akachovya biskuti kwenye chai. Basi Shalini, ambaye si mtani wa Mkuu wala si wa kabila lake, akavua kofia ya kuchomelea.

"Mkuu, mnyororo wa kushoto haujakaa. Tusimamishe."

Mkuu alimtazama, tukaangalia viatu.

"Vinaka, Shalini. Simamisheni."

Jamani, tulipumua! Biskuti ya Bi Vasiti ilikuwa imeyeyukia yote kwenye kikombe, na mkono wake bado uko pale pale.

Bi Vasiti, vinaka kwa kelele zote. Nenda kalime dalo, yale magimbi yako, wasumbue wajukuu, uishi kwa raha na afya. Ukisikia tunashusha meli, lala tu. Tutasema wenyewe.