Mokeira, Aliyesikiliza Visima vya Mafuta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mhandisi Bathsheba Mokeira, mzaliwa wa Manga, kaunti ya Nyamira, aliyezikwa juzi kando ya shamba la chai la mama yake. Nitajaribu kusema kwa upole, ingawa upole wenyewe leo umeniishia.

Mokeira alifanya kazi kaskazini, kwenye visima vya mafuta. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ndiyo, kusikiliza! Waya wa kioo, mwembamba kama uzi, uliteremshwa kisimani ukanasa sauti ya kila kinachopita. Kwa sauti hiyo alipima mafuta yanatiririka kiasi gani, na kutoka kina kipi. Huku Manga walimtania: "Haki Mokeira, miaka yote uko kwa mafuta na hujatuletea hata ya taa ya koroboi?" Alicheka nao, akawanunulia soda.

Kikaja kisima kimoja. Waya ulipoteremshwa, sehemu ya juu ya kisima palivuma kwelikweli. Chini palisikika kwa mbali tu. Mkubwa wake akasema panapovuma ndipo penye mafuta, pafunguliwe, chini pazibwe. Mokeira akakataa. Inayovuma ni gesi, alisema. Mafuta yako chini, yanapita polepole. Akarudia mkutanoni. Akaambiwa asiwapotezee watu muda.

Wakaziba chini, wakafungua juu. Ikatoka gesi tupu. Narudia: alikuwa amewaambia ni gesi. Kisima kikafungwa, na Mokeira akafutwa kazi, eti ndiye aliyepima vibaya. Eti yeye!

Hilo lilimkaa rohoni. Alitaka jambo moja tu, pale chini pafunguliwe, jina lake lisafike. Alipiga simu, hazikupokelewa. Mama yake, Nyanchama, anasema: "Namwambia, wachana nao, kula. Anasema, mama, hao wanaona mdomo yangu ikicheza tu." Mwezi huu presha ikapanda, akaanguka jikoni, hakuamka.

Siku moja kabla ya mazishi, simu ya marehemu ikalia. Mama akapokea. Walikuwa wale wale wa kazini. Wamefungua chini, mafuta yametoka, wanamtaka Mokeira awaeleze vipimo vyake.

Mama akaiweka simu juu ya jeneza. "Yuko hapa kwa sanduku," akasema. "Mwambieni yeye, si mimi."

Mama Nyanchama, poleni sana, wewe na mwanao Mose. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikia, nyumbani kwako au ofisini, kuna mtu umemwambia anyamaze. Zima redio hii sasa hivi, ukamsikilize.